Kulinda Mimea ya Vyungu Wakati wa Kipupwe: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Hoteli, Ofisi na Vitalu vya Nyanda za Juu

Mwongozo huu ni wa watu ambao mimea ni sehemu ya ajira yao: mtunza bustani wa hoteli, mfanya usafi wa ofisi aliyekabidhiwa vyungu vya mapokezi, muuza miche, dereva anayepandisha mzigo wa maua kutoka Pwani, na mlinzi wa zamu ya usiku, ambaye mara nyingi ndiye pekee aliye macho wakati baridi inapofikia kilele. Unahusu miji ya baridi ya Tanzania na Kenya: Njombe, Makete, Mafinga, Iringa, Mbeya, Lushoto, Arusha, Limuru, Nyahururu, Eldoret, na Nairobi pia. Majengo ya huko, ukiacha machache, hayana mfumo wa kupasha joto. Ndiyo maana ushauri mwingi uliotungwa kwa ajili ya Ulaya hautufai. Kule nje kuna theluji lakini ndani mashine inatunza joto la nyuzi 20. Huku hakuna theluji, ila mtu anaingia ofisini saa moja asubuhi na kukaa na koti lake mpaka saa tano.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba mmea wa nchi za joto haungoji barafu ndipo uumie. Vyungu vingi vinavyotupwa mwezi wa Julai havikuuawa na jalidi. Vimeuawa na kuwekwa mahali pasipofaa, kumwagiliwa maji mengi au maji ya baridi, na kufunguliwa dirisha saa isiyofaa. Yote matatu yanarekebishika bila gharama, na ndiyo yanayochukua sehemu kubwa ya mwongozo huu.

Baridi inavyoumiza

Ndizi mbivu ikiwekwa kwenye friji hugeuka nyeusi ganda zima ingawa haijaganda. Jani la anturiamu au aglaonema lililolala karibu na kioo cha dirisha usiku wa nyuzi 8 limepatwa na jambo lilelile. Kila seli ya mmea imezungukwa na utando wenye mafuta ndani yake. Kwa mimea iliyozoea joto, mafuta hayo huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 10 au 12, utando unavuja, na vilivyomo ndani ya seli hutoka nje. Jani huonekana kama limelowa maji, kisha hugeuka kahawia au jeusi. Mara nyingi dalili hazionekani asubuhi ileile. Huchukua siku mbili, tatu, hata zaidi, na kufikia hapo kila mtu amesahau usiku uliofanya uharibifu, na lawama inaangukia mbolea au wadudu.

Mizizi nayo huathirika. Ikipoa, hufyonza maji kidogo sana. Hapo mmea hulegea ilhali udongo umelowa. Mfanyakazi anauona umelegea, anadhani una kiu, anaongeza maji. Udongo wa baridi uliojaa maji hauna hewa, mizizi inaoza, na wiki mbili baadaye shina linang'oka kwa kidole. Katika mambo yote yaliyomo humu, hilo ndilo kosa linaloua mimea mingi zaidi.

Jalidi ni hatari nyingine. Joto la jani linaposhuka chini ya sifuri, maji yaliyomo ndani yake hugeuka vipande vya barafu vinavyopasua seli. Jani laini la kitropiki lililoganda halirudi. Ndani ya nyumba jambo hilo ni nadra, lakini kwenye veranda na vitalu vya Makete, Njombe na Mufindi hutokea katika kipupwe.

Mwinuko na majira

Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6. Njombe iko karibu na mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mche uliokuzwa Dar es Salaam, ambako usiku wa Julai ni kama nyuzi 18 au 19, ukifikishwa Njombe unakutana na usiku wenye upungufu wa nyuzi 12 hivi. Hesabu hiyo aifanye kila anayenunua mimea Pwani kwa ajili ya ofisi ya milimani, na aifanye kabla ya kulipa.

Watu wengi huihesabu Juni mpaka Agosti kuwa ndiyo hatari pekee. Kwa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania ni kweli, maana kipupwe cha huko huja na anga safi usiku, na ardhi hupoteza joto lake haraka. Kenya mambo ni tofauti kidogo. Julai ya Nairobi na Limuru ni ya mawingu na manyunyu. Ni baridi ya kuchosha, lakini wingu huzuia joto la ardhi lisipotee lote. Jalidi ya Kericho na Nyandarua, ile inayounguza chai na viazi, huja zaidi wakati wa kiangazi cha mwanzo wa mwaka, hasa Januari na Februari, usiku ambao nyota zinaonekana zote na upepo umetulia. Mtunza vyungu wa huko asilegeze mkono kwa sababu mchana kulikuwa na jua kali. Mchana wa jua kali ukifuatiwa na jioni tulivu isiyo na wingu ndiyo ishara yenyewe ya usiku mbaya.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa tahadhari za baridi. Msimamizi wa bustani azifuatilie. Hata hivyo joto linalotangazwa ni la mji kwa jumla. La kwenye kona yako ya mapokezi utalijua kwa kulipima tu.

Kipimajoto

Nunua kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini na cha juu cha saa 24. Kiweke penye mmea, kwenye kimo cha majani, upande wa dirisha. Kisiwe ukutani karibu na kompyuta au juu ya meza ya meneja. Kisome kila asubuhi na uandike tarehe na kiwango cha chini kwenye daftari la zamu. Baada ya wiki moja utajua kona ipi ya jengo ni ya baridi kuliko zote, na pengine utashangaa: mara nyingi ile iliyopambwa kuliko zote, pale mlangoni panapoonwa na wageni, ndiyo mbaya zaidi.

Mimea ipi haivumilii

Kwa kazi ya kila siku mimea inaweza kugawanywa katika makundi matatu. Namba zinazofuata ni za tahadhari: mmea mkavu kiasi, uliozoeshwa taratibu, huvumilia zaidi ya uliolowa na kufika jana.

Kundi la kwanza halipendi kushuka chini ya nyuzi 15. Humo kuna fitonia, kalathea, aglaonema, anturiamu, kaladiamu, na okidi aina ya Phalaenopsis ambazo hoteli huzinunua kwa bei kubwa kwa ajili ya meza za mapokezi. Njombe au Limuru, mimea hii haina haki ya kukaa karibu na mlango miezi ya baridi, hata mkurugenzi akiitaka hapo. Kaladiamu ina tabia yake: baridi ikizidi hudondosha majani yote na kubaki kiazi ardhini. Usiitupe. Acha kumwagilia, weka chungu mahali pakavu penye joto la jengo, nayo itachipua hali ya hewa ikibadilika.

Kundi la pili huumia chini ya nyuzi 10 mpaka 12: monstera, filodendro, mmea unaotambaa wa Epipremnum wenye majani ya kijani na njano, diffenbakia, draseina, na mimea mingi inayouzwa kama michikichi ya ndani. Hapa pia nitaiweka violeti ya Usambara, ua dogo la zambarau ambalo wataalamu waliliita Saintpaulia mwaka 1893 kwa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyelikuta Tanga na kulipeleka kwao. Leo liko madirishani kote Ulaya, na watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa linatoka milima ya Usambara linapenda baridi. Asili yake ni miamba yenye kivuli na unyevu, mingine karibu kabisa na usawa wa bahari. Lishughulikie kama mmea wa Pwani.

Kundi la tatu huvumilia nyuzi 5 mpaka 7 kwa usiku mmoja mmoja: Chlorophytum yenye majani membamba yenye mstari mweupe, aspidistra, shefflera, na mpira wa mapambo. Ofisi ya Makete inayotaka kijani bila usumbufu ijaze kundi hili na kuachana na la kwanza.

Sansevieria na Zamioculcas, ile yenye majani mazito yanayong'aa na asili yake ni Afrika Mashariki mpaka Kusini, huwachanganya watu. Zina sifa ya kutokufa. Sifa hiyo ni ya kiangazi. Zinahifadhi maji ndani yake zenyewe, na kwenye baridi chini ya nyuzi 10 huoza kwenye shingo zikimwagiliwa. Katika miezi ya kipupwe zinaweza kukaa mwezi mzima bila tone, na ndivyo inavyotakiwa.

Mahali pa chungu

Kioo cha dirisha usiku ni baridi kuliko hewa ya chumba. Jani linalokigusa hupoa nacho, na hewa inayopoa juu ya kioo huteremka mpaka kwenye kizingiti na sakafu. Sogeza vyungu vyote walau nusu mita kutoka kwenye kioo kabla ya Juni. Pazia likifungwa jioni, mmea ubaki upande wa chumba, usibaki kati ya pazia na kioo. Hapo katikati ni baridi kuliko mahali pengine popote chumbani.

Ofisi nyingi za zamani za serikali na shule zina madirisha ya luva, na hata zikifungwa vipi hupitisha upepo. Nyingine zina matundu ya hewa juu ya dirisha, na paa la bati lisilo na dari. Katika chumba cha namna hiyo hakuna kona ya dirishani iliyo salama. Vyungu vihamie ukuta wa ndani, ule unaopakana na chumba kingine, au karibu na jiko la hoteli, chumba cha kufulia, au chumba chenye mitambo ya kompyuta inayotoa joto usiku kucha.

Sakafu ya saruji au vigae huvuta joto la udongo kupitia chini ya chungu. Inua vyungu juu ya kibao, stendi ya mbao, au kipande cha stairofomu kutoka kwenye maboksi ya televisheni, ambacho hakigharimu kitu na kinafanya kazi vizuri kuliko vyote. Vyungu vikubwa vya saruji visivyoinulika viingiziwe mbao mapema, kabla ya msimu, na viinuliwe na watu wawili au zaidi. Mgongo wa mfanyakazi ni wa thamani kuliko mmea wowote.

Mwanga nao una hesabu yake. Juni na Julai jua liko upande wa kaskazini kwa miji yote iliyotajwa hapa, kwa hiyo dirisha linalotazama kaskazini hupata jua la mchana na dirisha la kusini halipati. Chumba cha kaskazini kinahifadhi joto zaidi jioni. Kama jengo lina vyumba vya kuchagua, hospitali ya mimea iwe huko. Kalathea na violeti zisipigwe jua la moja kwa moja, lakini zinaweza kukaa ndani zaidi ya chumba hichohicho.

Kusanya vyungu pamoja. Mimea iliyokaribiana hupunguziana upepo na hutunza unyevu kati yake. Wageni wa hoteli hawatalalamika kwamba korido imebaki tupu kwa miezi mitatu, na wakilalamika, waambiwe sababu.

Maji

Maji ya bomba yanayotoka kwenye tangi la paani saa moja asubuhi ni baridi kuliko kitu chochote kingine ndani ya jengo, kwa sababu yamelala nje usiku kucha. Kumimina maji hayo kwenye mizizi ya mmea wa Pwani ni kuupiga mara ya pili. Chota maji jioni, yaweke ndani kwenye ndoo yenye mfuniko, uyatumie kesho yake. Ukiwa na haraka, changanya na maji ya birika mpaka mkono uhisi uvuguvugu mdogo. Yasiwe ya moto. Violeti ya Usambara ina ushahidi wa wazi kuhusu jambo hili: maji ya baridi yakidondoka kwenye jani lake huacha miviringo myeupe au ya njano isiyofutika. Ukiona miviringo hiyo, usitafute dawa ya ukungu. Badili maji.

Saa ya kumwagilia ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Jioni hapana, kwa sababu udongo na majani yatalala yamelowa. Kabla ya kumwagilia ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Pakiwa na ubichi, ondoka. Chungu cha plastiki kinyanyue. Uzito wake utakuambia zaidi ya macho. Katika kipupwe mimea mingi haihitaji hata nusu ya maji ya Desemba, kwa kuwa haikui na mwanga umepungua kwa ukungu. Ratiba ya "kila Jumatatu na Alhamisi" iliyobandikwa ukutani iondolewe Mei na irudishwe Septemba.

Baada ya dakika 30 mwaga maji yaliyobaki kwenye sahani ya chungu. Chungu cha udongo hupumua na hukauka upesi, jambo zuri, lakini kikilowa hupoza mizizi kadiri maji yanavyovukiza kwenye ukuta wake. Kwa hiyo maji yapungue zaidi.

Usitie mbolea. Usihamishe mmea kwenye chungu kipya. Usikate matawi ya kuotesha. Kazi zote hizo zisubiri joto lirudi.

Moto na vipasha joto

Usiingize jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya mimea, wala kwa ajili ya watu. Mkaa ulioiva na usiotoa moshi bado unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, husinzia, na asiamke. Agizo hili linakihusu pia kibanda cha mlinzi na chumba cha kuhifadhia miche, na halina mjadala. Moshi wa mkaa na mafuta ya taa una pia ethilini, gesi inayofanya majani na maua yadondoke, kwa hiyo hata mmea hausaidiki.

Kipasha joto cha umeme kinaweza kutumika mchana wakati mtu yupo, kikiwa mbali na mapazia na walau mita moja kutoka kwenye majani. Feni yake isielekezwe kwenye mmea, maana hewa kavu ya moto huunguza ncha. Usikiache kikiwaka usiku bila mtu. Kama mmea unahitaji kipasha joto ili uishi ofisini Makete, basi mmea huo haukupaswa kununuliwa kwa ajili ya Makete.

Veranda na vitalu

Nje, shabaha ni kuhifadhi joto ambalo ardhi imekusanya mchana. Funika mapema, saa kumi na moja jioni au kabla jua halijazama, maana kufunika saa nne usiku ni kufungia baridi ndani. Tumia shuka kuukuu, magunia au turubai jepesi. Kitambaa kifike chini mpaka ardhini pande zote, kishikiliwe na mawe, na kisimamishwe kwa miti ili kisilalie majani. Nailoni inayogusa jani hupitisha baridi mpaka kwenye jani hilo, na asubuhi utaona alama ya kuungua palepale ilipogusa. Kama nailoni ndiyo pekee uliyo nayo, weka shuka kwanza na nailoni juu yake.

Asubuhi jua likishachomoza na kupasha, saa tatu hivi, fungua. Chini ya nailoni joto hupanda haraka mno, na mimea iliyookolewa na baridi ya usiku hupikwa mchana. Majani yaliyopata jalidi yawekewe kivuli yayeyuke taratibu.

Udongo wenye ubichi hutunza joto kuliko udongo mkavu uliopasuka. Lowesha ardhi inayozunguka vyungu saa sita mchana siku inayotangulia usiku wa hatari, bila kulowesha majani. Mapipa ya lita 200 yaliyojaa maji na kupakwa rangi nyeusi, yakipangwa ndani ya kibanda cha nailoni, hunyonya jua mchana na kulirudisha usiku. Hayafanyi miujiza, lakini nyuzi mbili tatu ndizo tofauti kati ya jani zima na jani jeusi.

Hewa baridi ni nzito. Huteremka mlimani na kujikusanya bondeni, nyuma ya ukuta au ua uliofungwa. Kitalu kilichopo chini ya mteremko kiwe na pengo kwenye ua wa upande wa chini ili hewa hiyo ipite. Vyungu vya kundi la kwanza vipandishwe juu, chini ya paa la veranda au chini ya miti yenye majani mengi, maana tawi lililo juu hurudisha joto la ardhi. Desturi ya kuchoma majani mabichi ili moshi utande juu ya kitalu haisaidii sana. Moshi haushiki joto kama wingu linavyolishika, na jirani anakohoa bure.

Safari kutoka Pwani

Kutoka Dar es Salaam mpaka Njombe ni takriban kilomita 700, na barabara huanza kupanda kwa nguvu kwenye Mlima Kitonga kabla ya Iringa. Gari lililopakia jioni hufika huko usiku wa manane, na pikapu wazi inayokwenda kasi hukausha majani na kuyapoza kwa pamoja. Dereva apange safari apite Kitonga na kuendelea mchana. Kila mmea ufungwe karatasi mbili za gazeti kuanzia chini kwenda juu, kisha usimamishwe kwenye boksi, na juu ya maboksi yote turubai. Udongo uwe na ubichi kidogo, usiwe tope. Mizigo inayoshushwa stendi alfajiri isiachwe juu ya lami ikingojea bodaboda. Kama mpokeaji hajafika, boksi liingie ofisi ya basi.

Mimea ikifika, iweke kwenye chumba chenye joto kuliko vyote kwa wiki mbili na mwanga wa wastani, usiimwagilie siku ya kwanza ila udongo ukiwa umekauka kabisa, kisha isogeze taratibu kuelekea mahali pake. Mmea ulioshushiwa joto kidogo kidogo hujenga uvumilivu ambao mmea uliotupwa baridini mara moja haupati. Bora zaidi, nunua kati ya Oktoba na Machi, au kwa wakuzaji wa miche wa nyanda zenyewe, ambao mimea yao imeshapitia usiku wa huko. Bei yao inaweza kuwa juu, na bado ni rahisi kuliko kununua mara mbili.

Neno kwa wapambaji maua

Chumba cha baridi cha waridi huwekwa karibu na nyuzi 0 mpaka 2, na waridi hukifurahia. Anturiamu, helikonia na okidi zikiingizwa humo usiku mmoja hutoka na madoa ya samawati au meusi. Ziwekwe nje ya chumba hicho, mahali pa nyuzi 13 na zaidi, penye kivuli. Mashamba yanayouza nje yanalijua hilo. Maduka ya mjini na hoteli zenye friji moja kwa kila kitu ndizo zinazolisahau.

Mmea ulioumia

Usiupeleke juani, usiutie mbolea, usiumwagilie kwa huruma. Uhamishe penye joto na uuache. Kata sehemu zilizogeuka ute tu, kwa kuwa hizo huvutia kuvu la kijivu; majani yaliyokauka nusu yabaki mpaka uhakika upatikane. Ukikata diffenbakia, filodendro au aglaonema vaa glavu na usijiguse macho, maana utomvu wake huwasha vibaya. Baada ya wiki tatu au nne kwangua ganda la shina kwa ukucha: kijani chini yake ni uhai, kahawia ni kifo. Endelea kukwangua ukishuka mpaka upate kijani, ukate hapo. Monstera na draseina huchipua kutoka kwenye kisiki ambacho wengi wangekitupa. Fitonia na aglaonema zilizooza shingoni hazirudi; ziondoe, na udongo wake usitumike tena kwa miche.

Nani afanye nini

Kiwango cha chini kabisa cha joto hufika karibu na macheo. Hiyo ndiyo saa ambayo wafanya usafi wa ofisi nyingi hufungua madirisha yote na milango ili sakafu ikauke. Msimamizi abadili utaratibu: miezi ya baridi, kudeki mapokezi na kupitisha hewa kufanyike saa nne. Mhudumu wa jioni afunge mapazia saa kumi na mbili na achote maji ya kesho. Mlinzi ahakikishe luva na mlango wa nyuma vimefungwa, na asome kipimajoto saa kumi na moja alfajiri. Kikiwa chini ya 10, aandike na amwarifu mtunza bustani anapoingia kazini. Mtunza bustani ndiye pekee anayemwagilia. Watu watatu wenye nia njema, kila mmoja na jagi lake, huua mmea kwa wiki moja.

Mkuu wa ofisi anayesoma haya anaombwa mambo mawili kabla ya Juni: anunue kipimajoto kimoja, na awaruhusu watu wake kuuondoa mmea ule mkubwa pale mlangoni.